Pete za Silabi: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza na Kucheza Fumbo la Kuzungusha Maneno

Seti ya Kiingereza ya Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno, ina vigae 100, na kati ya hivyo A ni 9 tu. Andika matata, baraka na salama, A zote zimekwisha, huku Q na X zimekukodolea macho kwa kuwa hakuna neno la Kiswahili linalozihitaji. Michezo ya namna hii ikiingia kwenye nyumba ya Waswahili huchezwa siku mbili tatu, kisha hupanda juu ya kabati na haishuki tena.

Kiswahili hukatika kwa silabi. Washairi hawakuhitaji kuambiwa: ukihesabu mizani za shairi unahesabu silabi, nane upande wa ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na nane upande wa utao (nusu ya pili). Huku Tanga, mkoa alikozaliwa mshairi Shaaban Robert mwaka 1909 kijijini Vibambani, kumpa mtoto herufi mojamoja na kumwacha azipange ni kumzungusha bure. Mpe silabi. Fumbo ninaloeleza hapa limeazima wazo la kuzungusha kutoka kwenye mchemraba uliobuniwa na Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974, ila mahali pa rangi tunaweka silabi, na mahali pa mchemraba tunaweka bomba.

Umbo lake ni hili: bomba fupi lililovikwa pete tatu zinazozunguka kila moja kivyake. Kila pete ina silabi nane. Mbele yake kuna dirisha jembamba, na silabi tatu zilizoingia dirishani ndizo zinazosomwa. Nane mara nane mara nane ni mipangilio 512. Mingi haina maana yoyote, na humo ndimo neno la kweli hujificha.

Vifaa

Bomba ndilo la kuhangaikia, mengine yapo nyumbani. Linalofaa zaidi ni kipande cha bomba la maji la plastiki la inchi mbili, urefu sentimita 20. Mafundi bomba hutupa vipande vya namna hiyo kila siku, na maduka ya vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, mjini Tanga, wanaweza kukukatia. Ukikosa, pitia duka la mapazia uombe bomba gumu la karatasi linalobaki jora likiisha. Lile la katikati ya karatasi za chooni liache, hubonyea kabla hata ya kumaliza pete ya kwanza.

Pamoja na hilo tafuta karatasi mbili za manila, gundi nyeupe ya mbao, karatasi chache za daftari, mkasi, rula, kalamu ya risasi, maka peni nyeusi, kipande cha msasa, raba bendi, selotepu pana ya kufungia maboksi, na mshipi mwembamba wa kuvulia kama mita moja. Gundi ya kupika kwa unga wa muhogo inashika vizuri, siibezi, lakini kwa unyevu wa pwani huota ukungu na kuita mende. Kwa kitu kitakachoshikwa na watoto kila jioni, nunua gundi ya dukani.

Kutengeneza

Kata bomba na usugue kingo kwa msasa mpaka zisikwaruze mkono. Halafu inakuja hatua inayoamua kama pete zitazunguka au zitaganda. Chukua karatasi ya daftari, izungushe kwenye bomba mara mbili, uishikize kwa kipande kidogo cha selotepu bila kuigandisha kwenye bomba lenyewe. Hii ni karatasi ya nafasi. Kazi yake ni kuacha upenyo mdogo kati ya bomba na pete, na mwishoni itatolewa.

Juu ya karatasi ya nafasi zungusha ukanda wa manila wenye upana wa sentimita 4. Unahitaji mizunguko minne, kwa hiyo ukanda uwe na urefu wa kama sentimita 85. Manila moja haifiki, unganisha vipande viwili. Mzunguko wa kwanza usiwe na gundi hata tone. Kuanzia wa pili paka gundi nyembamba, ukivuta ukanda ukaze na unyooke. Funga kwa raba bendi na uache mpaka kesho yake. Tengeneza pete tatu kwa namna hiyohiyo.

Zikikauka, zichomoe na utoe karatasi ya nafasi. Pete nzuri huzunguka kwa kusukumwa na vidole viwili na hubaki pale ulipoiacha. Ikilegea, bandika ukanda wa karatasi nyembamba ndani yake. Ikibana, ipitishe msasa kwa ndani.

Sasa kugawa nafasi nane zilizo sawa. Hapa wengi hukimbilia kikokotoo, wakati karatasi inaweza kukugawia. Zungusha ukanda wa karatasi ya daftari nje ya pete, ukate hasa pale ncha zinapokutana. Ukunje katikati, ukunje tena, ukunje mara ya tatu. Ukiukunjua una sehemu nane zilizo sawasawa. Uvike tena kwenye pete na uhamishe alama kwa kalamu ya risasi. Kwa bomba la inchi mbili kila nafasi itakuwa karibu sentimita 2.5, yaani herufi kubwa ambazo bibi atazisoma bila kwenda kutafuta miwani.

Tengeneza na vizuizi viwili vya sentimita 3, kimoja kila mwisho. Hivi huzungushwa moja kwa moja juu ya bomba, bila karatasi ya nafasi, na viongezwe mizunguko miwili ili viwe juu kidogo kuliko pete. Acha kama sentimita moja tupu kila upande wa bomba. Kizuizi cha kushoto kigandishe kwa gundi. Cha kulia kizungushe kikavu kwenye mzunguko wa kwanza kama ulivyofanya kwa pete, ili kiweze kuchomolewa. Ukitaka kupamba, vizungushie vizuizi kamba ya katani. Kwa mchezo wa Tanga inapendeza, na mkono hautelezi.

Mwisho ni dirisha. Kwenye zile sentimita tupu za kila upande toboa matundu mawili kwa msumari wa moto (mtu mzima afanye kazi hii, na afanyie nje kwa ajili ya moshi wa plastiki). Umbali kati ya matundu mawili uwe sawa na nafasi moja ya silabi. Vika pete zote, sukuma kizuizi cha kulia mpaka zibaki milimita mbili tatu za kupumua, kisha pitisha mshipi kutoka tundu hadi tundu, juu ya vizuizi, nyuzi mbili sambamba. Kaza na ufunge kwa fundo linalofunguka. Kwa kuwa vizuizi viko juu kuliko pete, nyuzi hazitagusa maandishi. Silabi iliyokaa kati ya nyuzi mbili ndiyo inayohesabika, na ugomvi wa "hii imeingia, haijaingia" unakwisha.

Silabi zipi ziandikwe

Ukiandika silabi zinazokujia tu kichwani, utapata bomba zuri lisilo na maneno. Seti hii ya kuanzia inafanya kazi:

Pete ya kwanza: ka, ki, ma, m, sa, ba, pa, ta
Pete ya pili: la, ba, ka, ti, si, ra, ma, ta
Pete ya tatu: ta, ka, ki, sa, ni, mu, ma, ti

Humo mna maneno ya silabi tatu zaidi ya thelathini na tano. Sitayataja yote nisikuharibie mchezo, ila ujue yamo samaki na kisima, kalamu na karani, mabati na kitasa, masika na msimu. Yamo pia pakata na mrama, maneno ambayo mtoto aliyekulia mbali na pwani pengine hajawahi kuyatamka. Ukisoma pete mbili tu, ya kwanza na ya pili au ya pili na ya tatu, unapata mengine mengi mafupi: paka, bata, mti, bara, siki, tisa.

Ona jinsi pete zilivyogawana kazi. Ya kwanza imebeba ki, m na ma kwa sababu majina yetu mengi huanza hivyo. Ya mwisho imebeba ni, ka na ma kwa kuwa maneno mengi huishia hapo. Irabu a imejaa kila mahali, na iachwe ijae, ndivyo lugha ilivyo.

Ukifika wakati wa kutunga seti yako, usianze na silabi, anza na maneno. Andika maneno ishirini au zaidi ya silabi tatu, yakate, halafu hesabu ni silabi zipi zinazorudi sana mahali pa kwanza, pa pili na pa tatu. Nane zinazoongoza kila safu ndizo za kuandika. Kazi hiyo ya kukata na kuhesabu wape watoto wa darasa la tatu na la nne. Wakimaliza watakuwa wameshajifunza nusu ya kile ulichotaka mchezo uwafundishe.

Kuna vigugumizi vya kuviangalia. M peke yake ni silabi kamili katika mti, mtama, msimu, kwa hiyo inastahili nafasi yake kwenye pete. Ikikutana na b ndipo mambo huwa mazito. Katika "mtu mbaya" tunasikia m-ba-ya, katika "nyumba mbaya" tunasikia mba-ya. Kwa watoto wadogo epuka mb na mp kwenye seti ya kwanza. Epuka pia maneno kama labda, daftari na maktaba, ambayo yana konsonanti mbili zilizobanana katikati na hayakai kwenye pete. Ukitunga seti yenye ng na ng', andika ile alama ya juu kwa wino mzito, la sivyo ng'oa na ngoa zitazua kesi.

Kucheza

Wachezaji wawili mpaka sita, bomba moja. Michezo iko mingi; hii minne ndiyo inayodumu.

Wa kwanza ni kusaka. Mchezaji ana dakika tatu za kuzungusha anavyotaka, mwenzake anaandika. Neno la silabi mbili ni pointi moja, la silabi tatu pointi tatu. Lakini neno halihesabiki mpaka aliyelipata alitumie kwenye sentensi au aeleze maana yake. Akishindwa, wenzake wanamdai mji kama kwenye vitendawili: "Nipe mji!" Anatoa mji, Pangani au Muheza au Lushoto, na aliyepewa anaeleza maana na kuchukua pointi zake. Kanuni hii usiiache, maana bila hiyo wachezaji wajanja hutaja chochote chenye sauti ya Kiswahili na kuapa kwamba ni neno.

Hapohapo ndipo wakubwa wanapopata nafasi. Dirishani kumekaa katani, mtoto anasema "kamba ile ya njano". Babu anaweza kuongeza kwamba mkonge wenyewe si mwenyeji: aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai Tanga. Mashamba yaliyofuata, reli, manamba, majina ya mitaa, yote yanaweza kusimuliwa kutokana na neno moja lililoingia dirishani. Mwenye kusimulia jambo la kweli kuhusu neno lake aongezewe pointi moja.

Wa pili ni safari, na kwangu mimi ndio mchezo wenyewe. Mnataja neno la kuanzia na neno la kufikia. Kila hatua unazungusha pete moja tu, na kila kituo lazima kiwe neno halali. Mfano, kutoka mtama mpaka salama. Mtoto mmoja atapita hivi: mtama, mtamu, mtani, katani, karani, karamu, kalamu, salamu, salama. Hatua nane, na hakuna kosa hata moja. Mwingine mwenye jicho kali ataona kwamba ukitoka mtama unaweza kuingia mrama, kisha karama, karamu, kalamu, salamu, salama. Hatua sita. Sijaona njia fupi zaidi kwa seti hii, na ukiipata kwa kupitia neno ambalo kamusi inalikubali, umeshinda. Safari nyingine za kujaribu: kutoka mabaki mpaka kabati (fupi, ya watoto), na kutoka mabaka mpaka talaka (fupi pia, ingawa watu wazima watacheka zaidi).

Wa tatu ni wa wadogo wanaoanza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Funga pete moja kwa raba bendi isizunguke, tuseme ta ya katikati, na umwache mtoto azungushe mbili zilizobaki huku akisoma kwa sauti. Hatafuti pointi. Anasoma kila kinachokuja, hata kisicho na maana, na akigonga neno analolijua atasimama mwenyewe. Silabi zisizo na maana nazo zina faida: mtoto anayesoma "patasa" na "batamu" bila kubahatisha anasoma kweli, hajakariri picha ya neno.

Wa nne ni kinyume, ule wa watoto wa pwani kuongea kwa siri mbele ya wakubwa. Mchezaji mmoja anapata neno kwa siri, analichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: samaki inakuwa kisama, kalamu inakuwa mukala, baraka inakuwa kabara. Wenzake wanalirudisha mahali pake kwa kichwa tu, bila kugusa bomba. Mabibi wengi hushinda hapa bila jasho, na wajukuu hushangaa walijifunza wapi.

Kuhusu mwamuzi. Kamusi iwepo, ila isitawale kila kitu. Tanga ina Kibondei, Kisambaa, Kidigo, Kisegeju na Kizigua, na Kiswahili cha Mtang'ata kwa upande wa Tongoni kina maneno yake. Mtu akitaja neno la kwao lisilo kwenye kamusi, sheria ninayoipendekeza ni kulikubali iwapo mtu mzima mwingine aliyepo analifahamu pia. Wapo watakaosema hilo linaharibu Kiswahili sanifu. Mtoto atafundishwa usanifu shuleni miaka mingi. Neno la nyanya yake atalipata wapi tena? Uamuzi mpeni bibi, shangazi au mama mkubwa, yeyote aliye mkubwa na hachezi raundi hiyo. Kijana wa sekondari mwenye simu mkononi hafai, atabishana na kila mtu.

Kwa waliokwisha kuzoea, ongezeni shairi. Kila mmoja achukue maneno mawili aliyoyapata atunge mshororo wa mizani nane kwa nane. Mtama na mtamu vikiangukia mtu mmoja: "Mtama wangu mtamu, tuulete karamuni." Hesabuni kwa vidole. Mizani ikizidi au ikipungua, pointi zinarudi.

Seti ya vitenzi

Pete zikichakaa kwa maneno, tengeneza nyingine tatu za sarufi. Pete ya kwanza: ni, u, a, tu, m, wa, ki, vi. Ya pili: na, li, ta, me, kila kimoja mara mbili ili zitimie nane. Ya tatu: soma, pika, lima, cheka, imba, kimbia, kula, kuja. Hapa hakuna mpangilio usiofaa. Kila ukizungusha unapata kitenzi kamili: wataimba, mmekula, nililima, tunakuja. Ni vitenzi tofauti 256 kwenye bomba moja. Umeona kula na kuja zimeandikwa na ku yake. Ukiandika la na ja peke yake utapata "anala", "anaja" na vituko vingine.

Mchezo ni kumalizia sentensi. Dirishani ikikaa "vinacheka", mchezaji aseme ni nini vinacheka, na "vitoto" akishaitumia mmoja haitumiki tena. Hapo ndipo upatanisho wa ngeli hukaa kichwani mwa mtoto bila ubao. Kwa ndugu waliolelewa ng'ambo wanaokuja likizo na Kiswahili cha kuungaunga, seti hii inawafaa kuliko ile ya silabi. Kukanusha kusiingizwe kwenye pete: ninasoma inageuka sisomi, mwanzo na mwisho vinabadilika pamoja, na pete haziwezi kufuatana hivyo. Hilo liandikwe kwenye karatasi pembeni.

Utunzaji

Kabla ya kuvika pete zilizokwisha kuandikwa, acha wino ukauke na uzifunike kwa selotepu pana mzunguko mmoja. Bila hiyo mikono yenye mafuta ya mihogo itafuta silabi ndani ya wiki. Wakati wa masika karatasi huvimba na pete hubana. Zichomoe, zianike kivulini, usiziweke juani kwa maana manila hupinda. Kubadilisha seti, fungua fundo la mshipi, toa kizuizi cha kulia, vua za zamani uvike mpya. Pete za akiba zipangwe kwa kuvikwa kwenye kipande kingine cha bomba hilohilo, zisikandamizwe kwenye droo, na ndani ya kila moja andika namba yake, 1, 2 au 3, ili atakayezivika asilazimike kukisia.